Jicho la Mtoto Litoapo Machozi Bila Kilio

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani hadi Kayole, si ajabu kumwona mtoto mchanga ambaye jicho lake moja hulengalenga machozi mchana kutwa, na kila aamkapo kope zimegandamana kwa tongo. Majirani hulaumu vumbi la barabara au moshi wa jiko. Mara nyingi sivyo.

Machozi yana njia yake. Katika pembe ya jicho iliyo karibu na pua mna vitundu viwili vinavyoyapokea, yakaingia katika kifuko, kisha yakateremka kwa mfereji hadi puani. Ndiyo maana tuliapo, pua nayo hutiririka. Baadhi ya watoto huzaliwa ilhali mwisho wa mfereji huo umezibwa na utando mwembamba. Machozi yakikosa njia, hufurika shavuni.

La kutuliza moyo ni kwamba, kati ya watoto 10 wa namna hiyo, takriban 9 huzibuka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Mama anawe mikono, akate kucha, kisha aibonyeze taratibu pembe hiyo ya jicho na kuteremsha kidole kando ya pua, mara kadhaa kwa siku. Tongo lipanguswe kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Wanja, maziwa ya mama na dawa za miti visitiwe jichoni. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Hata hivyo, si kila chozi ni la kungojewa. Mtoto apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo aonekanapo na usaha mwingi katika mwezi wa kwanza, uvimbe mwekundu kando ya pua, au akiogopa mwanga huku jicho limekuwa kubwa au limeingia ukungu. Dalili hii ya mwisho yaweza kuwa presha ya jicho, maradhi yanayopofusha.

Mwaka ukitimia na machozi yangali yakitiririka, omba zahanati ya mtaani barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa macho, kama walioko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, na waya mwembamba butu hupitishwa kitunduni ili kuutoboa utando. Hakuna mkato wa kisu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kwa kawaida mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mfereji ukikataa, daktari huweza kuupitishia mpira laini kwa muda.

Watu wazima nao huzibwa, hasa wanawake waliopita makamo. Wao hufunguliwa njia mpya kupitia mfupa, baina ya kifuko na pua, upasuaji ulioelezwa na Mwitaliano Addeo Toti mwaka 1904. Karne tisa kabla yake, tabibu al-Zahrawi wa Andalusia alikwisha kuandika namna ya kutibu jipu la kifuko hicho.

Kauli ya wazee kwamba mtoto "atapona akikua" ina ukweli wake, lakini ina mpaka. Mpaka huo ni mwaka mmoja.