Simu ya saidia: nani atalipa, na nani atapokea?

KALEMIE. Ile siku shimo lilianguka kiasi cha saa tisa ya mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote, udongo ukawa mzito, lakini wachimbaji waliingia kwa sababu juma lilikuwa linaisha na nyumbani kulikuwa hakuna kitu. Wawili walifunikwa. Wenzao waliwatoa kwa mikono na beleshi, wote wawili wazima, mmoja mguu umevunjika mara mbili, mwingine analalamika tumbo.

Kutoka hapo njo mambo ya simu yalianza. Pale shimoni hakuna rezo. Kijana mmoja alipanda mlima dakika ishirini akiinua simu juu. Alipopata rezo alimpigia mkubwa wa koperative: hapatikani. Akampigia munganga wa posta ya afya: yuko mjini kwa mafunzo, akatoa namba ya mwenye gari. Mwenye gari alipokea vizuri, lakini gari haikuwa na mafuta. Simu ya nne ilikuwa yangu mimi. Nikapiga kwenye ofisi moja ambayo tuliambiwa siku nyingi ni ya kusaidia. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga kwa rafiki yangu polisi, akasema ngoja nione. Ya saba ilikuwa kwa muzee mmoja mnunuzi wa dhahabu, akatuazima pikapu yake. Tulifika lupitalo saa tano ya usiku imepita. Yule wa tumbo alikufa mlangoni, tukiwa tunatafuta kitanda cha kumbebea. Yule mwingine yuko, anatembea na magongo.

Simu saba. Nimezihesabu mara nyingi, na kila mara ninajiuliza ingekuwa namna gani kama ingekuwa moja tu.

Ninaandika haya kwa sababu sasa kuna mazungumzo. Kwenye kikao cha sindika mwezi uliopita, ndugu mmoja aliinuka na wazo: tuombe kampuni za simu zikate makuta kidogo, franka 100 kwa mwezi, kwenye unite za kila mtu wa huku, na makuta hayo yalipe numero moja ya saidia. Moja kwa mji, kwa mashimo, kwa wavuvi wa ziwa. Ni wazo la mtu mwenye roho nzuri. Lakini hakumaliza hata kusema. Chumba kizima kilipiga kelele: "RAM! RAM inarudia!"

Wasomaji wanakumbuka. Septemba 2020 Leta ilianzisha RAM, registre ya simu za mkononi. Walisema ni ya kupiga vita simu bandia na simu zilizoibiwa. Mwenye simu ndogo ya 2G sherti alipe dola 1 kwa mwaka, mwenye 3G ao 4G dola 7, na makuta yalikatwa moja kwa moja kwenye unite, kidogo kidogo. Mama ameweka unite asubuhi ili amuite mtoto wake Lubumbashi. Anapiga, unite imeshakwenda. Hakuna karatasi aliyotia sahihi, hakuna mtu aliyemuuliza. Vijana wa Lucha walipinga barabarani, wabunge walimuita waziri Augustin Kibassa Maliba mwaka 2021 ajieleze, na mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Lakini jeraha lilibaki. Leo ukimwambia mtu wa Kalemie "tutakata kidogo kwenye unite", hasikii neno la pili.

Ng'ambo ya ziwa pia walionja. Tanzania ilianza Julai 2021 kutoza watu wanaotuma makuta kwa simu. Kilio kikawa kikubwa hata serikali ikapunguza tozo mwaka uleule. Tofauti ni kwamba wale wa Kigoma walionyeshwa vituo vya afya na madarasa, wakaambiwa haya ni ya tozo. Uganda nayo ilikata shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu wa WhatsApp na Facebook kuanzia Julai 2018. Wengi wakatafuta njia ya kuzunguka, na mwaka 2021 ikageuzwa kuwa kodi ya intaneti.

Lakini ndugu yetu hakuota wazo lake hewani. Inchi nyingine zimelifanya tangu zamani. Marekani numero yao ni 911. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa mji mdogo wa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968. Kule sehemu kubwa ya gharama inatoka kwa wateja: kila mwezi, kwenye fakture ya simu, kuna mstari wenye jina lake, 911, na kiasi chake. Mtu anauona, anajua analipia nini.

Na hata kule, makuta yanatembea. Sheria yao ya 2008 inalazimisha tume ya mawasiliano, FCC, kutoa ripoti kila mwaka kuonyesha jimbo gani lilikusanya ngapi na lilifanyia nini. Ripoti hizo zimetaja mara kwa mara New York na New Jersey kwamba makuta ya 911 yalikwenda kwenye kazi nyingine za serikali. Nilipowasomea wenzangu hayo, muzee mmoja alicheka: "Kumbe hata wazungu!" Ndiyo, muzee, hata wao. Lakini kule kuna mtu mwenye kazi ya kuandika ni nani aliyekula, na jina linatoka hadharani. RAM ilikuwa na mkataji. Mwandishi wa namna hiyo sisi hatukumuona.

Sasa tuhesabu kama watu wa sindika. Wengi wanafikiri numero ya saidia ni numero tu: unapewa tarakimu tatu na ARPTC, mambo imekwisha. Hapana. Numero ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote. Simu za GSM zimetengenezwa hata kujua 112 ni ya hatari, na mahali pengi inapita bila unite, hata kwa rezo isiyo yako. Shida ni nani yuko upande ule mwingine.

Juma lina saa 168. Sheria ya kazi ya Kongo inasema mfanyakazi asipitishe saa 45 kwa juma. Gawanya: karibu watu 4 kwa kiti kimoja. Weka kongé, weka malaria, weka kilio nyumbani: watu 5. Watu 5 ili mtu 1 tu awe amekaa hapo mchana na usiku, Noeli na Pasaka. Na awe anasikia Kiswahili, Kitabwa, Kiluba, na Kifaransa cha munganga, na ajue mashimo yako wapi, maana mchimbaji hatakuambia numero ya barabara, atakuambia "kule kwa mwembe ulioanguka".

Tuchukue mfano wa watu 20,000 wenye simu, kila mmoja franka 100 kwa mwezi. Ni milioni 2. Gawa kwa watu 5, ni franka 400,000 kila mmoja, na hakuna kilichobaki. Umeme je? Wote tunajua stima ya Kalemie inavyokwenda na kurudi; sherti batri na panno ya jua. Mafuta ya gari je? Mtumbwi wa mota kwa ajali za ziwa? Kwa hiyo franka 100 inalipa sauti ya kukuambia pole. Ukitaka gari, sio franka 100 tena.

Halafu iko swali lingine, na hapa mimi ninasimama wazi. Franka 100 ya mama anayeuza ndagala Kituku na franka 100 ya mnunuzi wa koltani sio franka moja. Kukata sawasawa ni kumtoza zaidi yule mdogo. Kwa nini sisi tunakimbilia unite za mama huyo kabla ya kuuliza makuta yanayotoka ardhini yanakwenda wapi?

Code minier ya 2018 iko wazi. Roayalti ya madini inagawanywa: 50 kwa mia kwa Leta kubwa, 25 kwa provensi, 15 kwa entité ya mahali mgodi ulipo, ni kusema komini, sekta ao shefferi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni yenye kibali cha kuchimba sherti itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa karibu. Kwa upande wa Manono, ambako dunia nzima inatazama litiamu, mistari hiyo itakuwa na uzito mkubwa siku kazi itakaposhika. Simu ya saidia ni maendeleo ao sio maendeleo? Nimeona mahali wamejenga mnara wa saa na bustani ya maua.

Kwa sisi wa mashimo ya mikono ni ngumu kidogo, siwafichi. Hatuna kampuni kubwa juu yetu. Madini yanapita kwa wanunuzi na makontuari, na kila kizuizi kina mkono wake. Lakini hapo pia kuna taksi zinazolipwa, zenye karatasi na mhuri. Moja ya hizo ingeweza kuandikwa jina la saidia.

Na kuna mlango wa tatu ambao watu wachache wanaujua. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inazungumzia mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, ambao kampuni za simu zinachangia ili rezo ifike mahali ambako faida ni ndogo. Mlima wetu wa dakika ishirini njo mahali hapo kabisa. Simu ya saidia isiyo na rezo shimoni ni bure. Kwa hiyo barua ya kwanza ya sindika, kwa mawazo yangu, haipaswi kuomba kukata unite. Iombe mnara.

Wengine watasema hatari sio ya wachimbaji peke yao, ni kweli. Tarehe 12 Septemba 2019 treni ilianguka Mayibaridi, hapa Tanganyika. Waziri mmoja alitangaza kwenye Twitter watu 50 wamekufa. Baadaye hesabu ikashuka chini sana. Kati ya hesabu ile na ile, familia zilikuwa kwenye gari la moshi la Kalemie zikililia watu ambao walikuwa wazima, na zingine zikitumaini watu ambao walikuwa wamekufa. Kama kungekuwa na meza moja ya kupokea na kuandika majina, watu wasingelala na uongo. Na kila mwaka ziwa linapopanda na Lukuga inapofura, watu wa kando wanapigiana simu wao kwa wao, kama sisi ile siku.

Nirudi kwenye kikao. Kelele za RAM zilipotulia, mama mmoja aliomba neno. Ni mjane wa yule aliyekufa mlangoni. Alikuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni, na wengi hawakumjua. Alisema hivi, ninaandika kama alivyosema: "Ba-papa, munakatala juu ya franka mia. Mimi mukate hata mia tano, sitalia. Lakini munionyeshe kwanza mutu mwenye atapokea. Munionyeshe sura yake. Juu ile siku simu ililia, nilikuwa pale kwa kaka, niliisikia inalia."

Hakuna aliyepiga kelele tena. Mimi ambaye nilikuwa nimejitayarisha kusema juu ya 15 kwa mia na 0.3 kwa mia, nilikaa. Kwa sababu alikuwa amesema kitu ambacho hesabu zangu hazikusema: hakatai kulipa, anakataa kulipa kabla. RAM ilikata kwanza, ikaahidi nyuma. Yeye anataka mtu kwanza.

Tulibishana mpaka giza. Mwisho tuliandika mambo yafuatayo, na ninayaweka hapa ili kila mmoja ayasome na familia yake. Kwanza, tunaandikia provensi na entité zetu, tukiomba miezi 6 ya mishahara ya watu 5 kutoka sehemu yao ya madini. Tunaandikia ARPTC na kampuni za simu: numero fupi, bure, rezo zote. Tunaandikia FDSU kwa ajili ya minara. Baada ya miezi hiyo 6, kama simu zinapokelewa kweli, na kama hesabu imebandikwa kila mwezi ukutani kwa soko na kwa kanisa na msikiti, njo tutaweza kuzungumza juu ya unite, na hata hapo mwenye simu ndogo asilipe sawa na mwenye kubwa. Ndugu mwenye wazo la kwanza aliweka sahihi. Wawili walikataa, wanasema miezi 6 ya Leta ni miaka 6. Majina yao yameandikwa pia, ni haki yao.

Tena avoka mmoja rafiki yetu alitukumbusha: komini haiwezi kuamka asubuhi na kuanzisha kodi ya simu. Kodi za provensi na entité zina orodha yake kwa sheria ya 2018, na kisicho kwenye orodha ni wizi hata kama kinaitwa saidia. Mtu akija kwenu na karneti ya risiti akisema ametumwa na sindika kwa simu ya hatari, msimpe hata franka 1.

Wakati barua zinatembea, hatukukaa mikono mitupu. Kwenye mashimo matatu tumechora ubao mweupe, namba tatu kubwa za rangi nyekundu: munganga, mwenye gari, mtu wa sindika. Kila shimo limetoa jerikani moja ya mafuta, imefungwa, kwa mwenye gari, isiguswe. Na mahali rezo inapopatikana mlimani tumepiga mti na kitambaa, ili kijana asitafute tena kwa kuinua mkono juu.

Jumapili tulijaribu. Namba ya kwanza ilipokelewa mara moja. Ya pili haikupatikana. Ya tatu ilikuwa yangu, na alipokea mtoto wangu wa miaka sita, akasema papa anaoga. Tumeongeza namba ya nne.