Mdhibiti wa Nyuklia na Kopo la Goiânia (Sehemu ya Nne)

Mjadala wa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, uliopamba moto Uyombo, Kilifi, kabla ya kuhamia Siaya, umetawaliwa na ardhi, fidia na megawati, huku mdhibiti, yaani taasisi inayotoa leseni, kukagua na, inapobidi, kufunga mtambo, akisahaulika. Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza mionzi ni nini na hupimwaje. Lisilofahamika vya kutosha ni kwamba kazi ya mdhibiti huanzia mbali na kinu, katika chumba cha hospitali chenye mashine ya tiba, na mji wa Goiânia, katikati ya Brazili, ulilijua hilo kwa uchungu.

Kliniki moja ya tibamionzi mjini humo ilihama mwishoni mwa mwaka 1985 ikaiacha mashine yake ya seziamu-137, wala haikuitaarifu Tume ya Taifa ya Nishati ya Nyuklia, CNEN, kama leseni ilivyotaka. Jengo likabaki gofu. Mnamo Septemba 1987 watu wawili wenye kuokota vyuma chakavu waliingia, wakang'oa kichwa cha mashine, wakakisukuma kwa toroli hadi nyumbani na baadaye kukiuza. Ndani yake mlikuwa na kopo dogo lenye gramu 93 tu za chumvi ya seziamu, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Mnunuzi wa vyuma aliiona iking'aa usiku kwa rangi ya buluu, akaita jamaa na majirani waje kuitazama, chembe zake zikagawanywa kama tunu, wengine wakajipaka mwilini, na mtoto wa miaka sita akala chakula kwa mikono iliyokwisha kuushika unga ule.

Mke wa mnunuzi ndiye aliyetambua kwamba maradhi yaliyoizukia nyumba yake yalitoka kwenye kitu kile. Tarehe 28 Septemba mabaki yakatiwa katika mfuko, yakapandishwa basi na kufikishwa ofisi ya afya. Kesho yake mwanafizikia alikuja na kipimamionzi cha kuazima, kilichokuwa cha kutafutia urani, na mshale wake ukaruka hadi mwisho akiwa bado mbali, hata akadhani ni kibovu, akarudi kuchukua kingine, nacho kikafanya vilevile. Alifika wakati zimamoto wakikusudia kulitupa furushi mtoni. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na wanne wakafariki, akiwamo mtoto yule na mwanamke aliyeuokoa mji.

Kosa la kliniki ni dhahiri, lakini leseni isiyofuatiliwa na mkaguzi ni karatasi tu, na CNEN ilikuwa wakati uleule mwendelezaji wa nyuklia na mkaguzi wake. Marekani ilikwisha kuivunja tume yake ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1974. Japani ilimtoa mdhibiti katika wizara iliyohimiza nyuklia mwaka 2012, baada ya ajali ya kinu cha Fukushima. Brazili yenyewe ilipitisha sheria ya mamlaka inayojitegemea mwaka 2021, miaka 34 baada ya kopo lile kufunguliwa. Ucheleweshaji huo hauna udhuru, kwa maana anayepimwa kwa wingi wa mitambo iliyojengwa hawezi kuombwa aizuie kwa moyo mmoja.

Kenya imetenganisha majukumu hayo tangu 2019, ambapo mamlaka moja hudhibiti na wakala mwingine huendeleza. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2003, imeyaweka yote mawili chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, jambo linalostahili kufikiriwa upya wakati urani ya Mto Mkuju inapoelekea kuchimbwa. Bunge linalouliza megawati ngapi zitazalishwa lingeanza kwa kuuliza wakaguzi ni wangapi, na kama daftari la vyanzo vya mionzi linataja kila mashine ya tiba, pamoja na zile zilizokwisha kustaafishwa na kufungiwa stoo.