Kutunga Kasida kwa Pamoja Bila Kugombana

Mmoja yuko Nansio, Ukerewe, ameandika beti. Mwenzake yuko Mwanza mjini, ametia mahadhi. Kasida ikipendwa na kuanza kuuzwa, huulizana: ni ya nani?

Kusaidiana katika utunzi si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwagiza mshairi Hassan bin Thabit (R.A.) amwendee kwanza Abubakar (R.A.), kwa kuwa ndiye aliyejua zaidi nasaba za Makuraishi. Hassan akaenda, akajifunza, ndipo akatunga. Mwenye kipaji hakuona haya kumsikiliza mwenye elimu.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 nayo inawatambua watunzi wa pamoja. Basi kabla ya kurekodi, andikianeni: nani katunga maneno, nani mahadhi, na mapato yatagawanywaje. Msione kuandikiana ni kukosa kuaminiana. Suratul-Baqara aya ya 282 imetuamrisha kuandika madeni, na Suratul-Maida aya ya 1 kutimiza mapatano. Mwenzako akifariki, karatasi hiyo ndiyo itakayolinda haki ya mayatima wake.

Wallahu aalam.