Kigari cha mtoto Sutton Coldfield: ununue cha bei gani bila kugusa pesa ya nyumbani

Mtoto wa kwanza akizaliwa ughaibuni anakuja na orodha ndefu ya manunuzi, na juu kabisa ya orodha hiyo kinakaa kigari. Ukiingia madukani utakuta seti kamili zenye majina kama iCandy, Bugaboo na Silver Cross zinavuka paundi 1,000 bila aibu. Kwa mtu ambaye kila mwisho wa mwezi anatuma ada ya mdogo wake na dawa za presha za mama, hapo hununui kigari tu. Unanunua miezi kadhaa ya kutotuma kitu.

Habari njema ni kwamba mtoto hajui bei. Anachohitaji ni kulala sawasawa, kufungwa mkanda unaoshika, na breki isiyoteleza. Hayo matatu yanapatikana kwa paundi 150 kama unajua unachotafuta.

Angalia mshahara kabla ya magurudumu

Kigari wengi wetu tunakinunua mimba ikiwa na miezi saba, wakati mshahara bado umejaa na zamu za ziada bado zipo. Shida inaanza baadaye. Malipo ya kisheria ya likizo ya uzazi yanadumu wiki 39. Wiki 6 za mwanzo unalipwa asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako. Wiki 33 zinazobaki, kwa mwaka wa kodi 2025/26, ni paundi 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ya mshahara wako kama hiyo ndiyo ndogo. Ipige hesabu: ni kama paundi 811 kwa mwezi. Aliyezoea kupokea 1,800 mkononi atashangaa. Na ukikaa likizo mwaka mzima, wiki 13 za mwisho hazina malipo ya kisheria kabisa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani siyo "nina 1,000 sasa?" Jiulize: mwezi wa nne wa likizo, kodi ya nyumba ikishatoka, nitatuma nini nyumbani? Pesa utakayoacha kuitumia kwenye kigari leo ndiyo itakayojibu swali hilo.

Malipo hayo yana masharti. Uwe umefanya kazi kwa mwajiri yuleyule wiki 26 mfululizo hadi kufikia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, na mwambie tarehe unayotarajia angalau wiki 15 kabla. Ukikosa sifa, uliza kuhusu Maternity Allowance. Yote mawili hayahesabiwi kuwa msaada wa umma, kwa hiyo hata mwenye viza ya kazi yenye yale maneno ya kumzuia kutumia fedha za umma anaweza kuyapata.

Ila hapa pana mtego. Kuna ruzuku ya paundi 500 inayoitwa Sure Start Maternity Grant, kwa kawaida kwa mtoto wa kwanza, kwa wanaopokea Universal Credit na misaada ya aina hiyo. Hiyo ni fedha ya umma, na Child Benefit vilevile. Jirani yako Mwingereza, au hata Mkenya mwenzako mwenye ukaazi wa kudumu, anaweza kukwambia "omba tu, kila mtu anaomba". Usiombe kabla hujasoma viza yako. Kama mmoja wenu ni raia au ana ukaazi wa kudumu, hali inaweza kuwa tofauti, lakini ulizeni kwanza Citizens Advice au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Paundi 500 hazistahili kuiweka viza hatarini.

Mtoto mchanga alale bapa

Ushauri wa NHS uko wazi: kwa mtoto mchanga, kigari kinafaa tu kama kiti chake kinashuka mpaka mtoto analala bapa kabisa. Aina nyingine isubiri hadi aweze kukaa mwenyewe, ambayo kwa wengi ni kama miezi sita. Una njia mbili. Ya kwanza ni fremu yenye kitanda kidogo juu yake, na baadaye unaweka kiti. Ya pili ni kigari cha kawaida ambacho kiti chake kinalala bapa na kimeandikwa kuwa kinafaa tangu kuzaliwa. Hii ya pili mara nyingi ni rahisi zaidi na wengi wanaidharau bure.

Vile vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli ni vya baadaye. Vilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege na aliyefanya kazi kwenye magurudumu ya kutulia ya ndege ya kivita Spitfire, ndiyo maana vinakunjika kiajabu. Ni vizuri sana, ila mtoto wa wiki tatu akiwekwa kwenye kile kiti cha kitambaa anajikunja kama jongoo na kidevu kinagusa kifua. Kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa inabanwa.

Sababu hiyohiyo inahusu kiti cha gari kinachobandikwa juu ya fremu ya kigari, ambacho wauzaji wanapenda kukiita seti ya safari. Kinafaa kumtoa mtoto kwenye gari hadi mlangoni. Hakifai kuwa kitanda cha kuzunguka nacho madukani Gracechurch mchana kutwa. Ukimlipia mtu seti ya paundi 1,200 kwa ajili ya kubandika na kubandua tu, umelipia kitu ambacho utakitumia dakika kumi kwa siku.

Na tafadhali, jua likiwaka usifunike kigari kwa blanketi wala kanga. Tunafanya kwa nia njema, lakini ndani joto linapanda haraka na hewa inakuwa nzito. Tumia kivuli cha kigari chenyewe au mwavuli wake.

Basi, treni na Sutton Park

Hapa kwetu kigari kinapimwa na mambo matatu: basi, ngazi na matope.

Basi kwanza, kwa sababu wengi wetu hatuna gari miaka ya mwanzo. Ile nafasi ya mbele unayoegesha kigari ni ya kiti cha magurudumu cha mlemavu kabla ya kuwa yako. Jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alikosa basi la kwenda Leeds mwaka 2012 kwa sababu mama mmoja hakuhamisha kigari chenye mtoto aliyelala, alisema hakikunjiki. Januari 2017 mahakama ikaamua kwamba dereva hatoshi kuomba mara moja na kuacha. Lazima afanye zaidi kumshawishi abiria apishe nafasi. Maana yake kwako ni kwamba siku utaombwa ukunje, ukiwa umesimama na mtoto begani na mfuko wa manunuzi mkononi. Kwa hiyo ukiwa dukani usimwache muuzaji akuonyeshe jinsi kinavyokunjwa. Kunja mwenyewe, kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika begi lako kama mtoto. Ukishindwa mara tatu, kirudishe mahali pake.

Treni ya Cross-City inayotoka Lichfield kupitia Four Oaks, Sutton Coldfield na Wylde Green hadi New Street ni rafiki zaidi, lakini zunguka kwanza kituo chako uone kama kuna ngazi upande unaorudia. Wengine wanagundua jambo hilo saa moja usiku, mvua inanyesha.

Ngazi za nyumbani ni muhimu kuliko zote. Ukiishi ghorofa ya pili bila lifti, seti ya kilo 14 utaibeba mara moja kwa furaha na mara ya pili kwa machozi, hasa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Pima upana wa mlango na korido kabla hujalipa, na kama una gari pima buti. Kigari kilichonunuliwa bila tepu ya kupimia huishia kukaa sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Sutton Park inataka kitu kingine. Ni uwanda mkubwa, zaidi ya ekari 2,000, na kuingia kwa miguu ni bure, kwa hiyo ndipo utakapompeleka mtoto wakati pesa haipo. Njia za lami zinapitika kwa kigari chochote. Ukiziacha, kuna mizizi, kokoto na matope ya majira ya baridi, na magurudumu madogo ya plastiki yanakwama. Lakini usinunue kigari kikubwa cha magurudumu ya hewa kwa ajili ya mbuga peke yake. Baki kwenye lami, au mbebe mtoto.

Ndiyo, mbeleko ipo na ni ya bei ya kanga. Kwa mtoto mchanga mbebe mbele, akiwa amekazwa, uso wake unauona muda wote, kidevu kimeinuka. Mgongoni ni baadaye, shingo ikishakaza vizuri. Bibi akikwambia wewe ulibebwa mgongoni tangu siku ya arobaini, mwitikie "ndiyo bibi", kisha uendelee kumbeba mbele.

Mitumba ya hapa ni mitumba kweli

Sisi tuliokulia Gikomba na Karume hatuna sababu ya kuogopa kitu kilichotumika. Maeneo kama Four Oaks na Mere Green wanakaa watu wenye kipato kizuri, vigari vyao vinatumika miaka miwili na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Tafuta Facebook Marketplace na Gumtree, pita maduka ya hisani, na uangalie minada ya NCT ya vitu vya watoto vilivyotumika.

Ukienda kukiona, kikague kama unavyokagua pikipiki. Funga breki, kisukume kwa nguvu: magurudumu yasizunguke. Kikunje na ukikunjue mara tatu usikilize kama kufuli linabana. Tikisa fremu. Mkanda uwe wa pointi tano, yaani mabega, kiuno na katikati ya miguu, na kifungo kisifunguke kwa kuvutwa. Nusa kitambaa, maana ukungu wa gereji hautoki kwa kufua. Tafuta lebo yenye namba ya kiwango cha usalama, EN 1888. Kisha andika jina la modeli kwenye tovuti ya serikali inayotangaza bidhaa zilizorudishwa viwandani. Hilo si urasimu: mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilirudisha vigari takriban milioni moja Marekani baada ya bawaba kukata ncha za vidole vya watoto.

Kitu kimoja usinunue mitumba: kiti cha gari. Kikishapata ajali kinaweza kuwa kimepasuka ndani bila kuonekana. Nunua kipya, cha bei ya chini tu. Vyote vinavyouzwa kihalali vimepita kipimo. Hata kodi ya VAT kwenye kiti cha gari ni asilimia 5 badala ya 20 inayotozwa kwenye kigari.

Tuweke hesabu mezani. Kigari kizuri kilichotumika 150, kiti kipya cha gari 100, na baada ya miezi sita kigari chepesi cha mwavuli 50. Jumla paundi 300. Ukilinganisha na seti ya 1,200 umebakiza 900, ambazo kwa viwango vya 2025 zinakaribia shilingi 150,000 za Kenya au milioni 3 za Tanzania. Gawa pesa hiyo kwenye miezi sita ya likizo na unaweza kutuma paundi 150 kila mwezi bila kukopa.

Ukiamua kununua kipya

Si dhambi. Ukinunua kwenye mtandao una siku 14 tangu kukipokea kubadili mawazo, na kitu kibovu unaweza kukikataa ndani ya siku 30. Wengi wetu hatupendi kuingiza vitu vya mtoto nyumbani kabla hajazaliwa, na Waingereza wengi nao wana mwiko huohuo juu ya kigari, ndiyo maana baadhi ya maduka yanakubali kukutunzia. Uliza. Inasaidia, kwa sababu siku zako 14 za kurudisha zinaanza kikishafika kwako.

Ile mipango ya kulipa kidogo kidogo bila riba iangalie kwa jicho kali. Awamu ya tatu itakukuta kwenye yale malipo madogo ya likizo. Kama lazima, kadi ya mkopo kwa kitu cha zaidi ya paundi 100 ina ulinzi wake wa kisheria duka likifilisika, mradi ulipe deni lote mwisho wa mwezi.

Njia bora zaidi ni kikundi cha WhatsApp. Wenzako wa kanisani, msikitini au wa zamu pale Good Hope watakuletea nguo 40 za miezi mitatu ambazo mtoto hatazivaa. Chagua mtu mmoja, shangazi au rafiki, aseme kwa niaba yako: tunachangia kigari. Watu 10 wakitoa 15 kila mmoja, kigari kimelipwa.

Na kikishamaliza kazi, kiuze mapema, kabla ya kiangazi, kikiwa kimefuliwa na picha zimepigwa mchana. Usikitume nyumbani kwa meli kama barabara ya kijijini ni ya mchanga. Kile cha mwavuli ndicho cha kusafiri nacho: mashirika mengi ya ndege yanakuacha ukisukume hadi mlangoni mwa ndege. Ukiruka na Emirates kutoka Birmingham, waulize kabla kama Dubai utakipata mlangoni au kwenye mizigo, maana kutembea uwanja ule na mtoto mikononi ni safari nyingine.