Gobori la Kale: Ni Kazi ya Fundi Gani?

Mtu wa Kitisuru, au wa mahali pengine po pote katika Nairobi, akirithi gobori la babu yake, hutaka kwanza kujua jina la fundi. Hutazama bamba la mtambo, akaona taji na neno TOWER, kisha akawaambia jamaa zake kuwa Bwana Tower ndiye aliyelitengeneza. Sivyo. Tower ni ngome ya London, ambako serikali ya Uingereza ilikuwa ikikagua na kuweka silaha zake. Wala neno hilo si ushahidi kamili, maana mafundi wa Liège, Ubelgiji, nao walilipiga katika bunduki za biashara ili ziuzike.

Lakini kabla ya jina, yafaa ajue kama gobori lina baruti ndani. Mdomo wake ukielekezwa mbali na watu, na autie mdeki polepole hata ukome, atie alama pale mdomoni, kisha auchomoe na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ikikoma mbali na tundu la moto, kuna kitu ndani. Baruti ya miaka 100 yaweza kuwaka bado. Hapo asichokoe; na awaite polisi, ambao pia watamweleza sheria ya kuwa na silaha, hata iliyo kuukuu.

Likiwa tupu, na atazame nyuma ya mtutu. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni alama ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Herufi GP chini ya taji ni za chama cha mafundi wa London. Herufi ELG ndani ya duara mfano wa yai ni za Liège, na tangu 1893 duara hilo likawekwa taji juu yake. Alama hizi zaonyesha mahali mtutu ulipojaribiwa tu. Jina la fundi, kama lipo, mara nyingi limejificha chini ya mtutu au katika mfereji wa mdeki, na huenda yakawa majina kadha wa kadha, kwa kuwa wa mtutu, wa mtambo na wa mti walikuwa mbalimbali. Aliyekwisha kusugua kutu kwa msasa amejifutia ushahidi huo mwenyewe. Kitambaa na mafuta vyatosha.

Mtutu nao utazamwe ndani kwa tochi. Enfield ya 1853 ina mifereji mitatu izungukayo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za mifereji zisiingizwe katika nchi hizi ila kwa ruhusa maalum, bali magumegume yenye mtutu laini yaliweza kuuzwa kwa idhini ya serikali. Kwa hiyo viwanda vya Ulaya viliendelea kuyatengeneza, ijapokuwa majeshi yao yalikuwa yameyaacha zamani. Basi mwenye gumegume ambaye huwahadithia wajukuu kwamba lilipigana Waterloo mwaka 1815, na aangalie kwanza kama duara lile la ELG lina taji.