CD PLEYA NDOGO YA MTUMBA: ANGALIA UMEME KABLA HUJATOA HELA

Zile CD pleya ndogo za mkononi (Sony walitoa ya kwanza 1984) ukizikuta mnadani, Korogwe au Handeni, mara nyingi hazina chaja yake. Hapo ndipo mtaji unapoungulia.

1. Nenda na betri zako. Nyingi zinatumia AA mbili, zile za saa ya ukutani. Ukifungua ukakuta kutu ya kijani au unga mweupe, shusha bei au achana nayo.

2. Beba CD ya nyimbo za kawaida. Pleya nyingi za zamani hazisomi CD ya MP3, kwa hiyo usiipimie hiyo. CD ikizunguka halafu haisomi, mara nyingi shida ni lenzi.

3. Soma maandishi kwenye tundu la DC IN. Nyingi ni 4.5V, zingine 6V au 9V. Volti za chaja lazima zilingane. Ampea zikizidi hazina shida, zikipungua haitawaka vizuri.

4. Angalia mchoro wa + na -. Kuna pleya katikati ya pini ni chanya, nyingine ni hasi. Ukigeuza unaweza kuunguza.

5. Wa sola, betri ya 12V usiunge moja kwa moja. Weka adapta ya kushusha.

Mimi dukani naandika volti kwenye plasta, nabandika chini ya pleya. Mteja akienda kununua chaja, hakosei, na harudi kugombana.