Buterere: Taka Zinapoweza Kuwa Barabara

Buterere, kaskazini mwa Bujumbura na si mbali na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, inajulikana kwa mambo mawili: jaa linalopokea taka za jiji, na mabwawa ya kusafishia maji machafu. Eneo hilo limo katika tambarare ya Imbo, ambako udongo una mfinyanzi mwingi na ardhi haina mteremko wa kutosha kuyasukuma maji ya mvua kuelekea Ziwa Tanganyika, hivyo barabara za mitaani hugeuka tope wakati wa masika na kupasuka kiangazi.

Dawa inayotajwa kwanza ni plastiki. Nchini India, mkemia Rajagopalan Vasudevan wa Madurai alionyesha kwamba plastiki iliyokatwakatwa, ikimwagwa juu ya kokoto zenye joto la nyuzi 160 hadi 170 hivi, huyeyuka na kuzivika utando unaoshikana na lami na kuzuia maji. Njia hiyo inafaa, lakini kwa Buterere ni kutibu juu ilhali ugonjwa uko chini: lami iliyolazwa juu ya mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka itapasuka tu, iwe na plastiki au isiwe nayo.

Kinachostahili kutangulia ni kuimarisha udongo, yaani kuuchanganya na kitu kinachoubadilisha tabia kabla ya kuushindilia. Chokaa hufanya kazi hiyo kwa hatua mbili: kwanza kalsiamu yake huufanya mfinyanzi unaonata uwe wa punjepunje, na kisha, palipo na silika na unyevu, hujengeka taratibu, kwa majuma mengi, gundi inayofanana na ya saruji. Silika ya ziada haina haja ya kutafutwa mbali, kwa kuwa Imbo ni nchi ya mpunga. Tani moja ya mpunga huacha maganda ya kilo 200 hivi, nayo yakichomwa hutoa majivu yapatayo kilo 40, ambayo kwa sehemu kubwa ni silika. Sharti moto usizidi sana nyuzi 700, maana ukizidi silika hugeuka fuwele na kupoteza ukali wake.

Hesabu, hata hivyo, inatuliza shauku. Tabaka la kilomita moja, lenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15, lina udongo wa tani 1,275 hivi. Kuutia majivu kwa asilimia 6 kunadai tani 76, yaani mavuno ya mpunga yanayokaribia tani 1,900, mbali na chokaa yenyewe. Kwa hiyo majivu yatengwe kwa sehemu zinazotuama maji, na kwingineko vitumike vifusi na vipande vya matofali ya kuchoma, ambavyo mafundi huvitupa ovyo japo vinajaza mashimo vizuri.

Taka za jaani zenyewe haziwezi kuzolewa na kufukiwa barabarani, kwa sababu mabaki ya vyakula, ambayo ndiyo mengi, huoza na kuacha mapango chini ya njia. Hata plastiki lazima ichambuliwe: mabomba ya PVC yana klorini, na yakipashwa moto hutoa mvuke wa sumu. Wanaookota taka Buterere tayari hutenganisha plastiki na vyuma kwa mikono, na mradi wowote wa barabara usioweka ujira wao, glavu na barakoa katika gharama zake tangu mwanzo utakuwa umepata malighafi yake kwa mgongo wa maskini.